Kumbe Nilikuwa Nachagua Baridi, Sio Maua

Picha iliingia kwa simu saa moja na dakika kumi asubuhi nikiwa steji ya Kiamunyi, hapa Nakuru, nangoja mat ya tao. Ilitoka kwa kasini yangu anayeishi na Shosho, nyanya yetu, huko Molo. Ilikuwa ua moja tu, limepigwa kwa karibu mpaka kabeji zilizo nyuma yake zimekuwa ukungu wa kijani. Kichwa mviringo, kimejaa, rangi ya damu ya mzee ikivutwa kidogo kuelekea zambarau, na haikuwa ya juu juu, ilikuwa imeingia hadi kwa vile vikonyo vidogo vinavyoshika kila kiua. Chini ya picha kulikuwa na sauti ya Shosho, sekunde kumi na mbili.

"Mami, kale kakitunguu ulisema hakana rangi, si ukuje ukaone."

Nikaisikiza mara tatu. Mat ikajaa ikaenda na mimi bado nimesimama hapo.

Hicho kitunguu nakijua, ni chaivu, kitunguu cha majani ninachokilima kwa sababu ya rangi ya ua lake. Kwa daftari yangu kinaitwa namba 23, na mbele ya hiyo namba nimeandika na mkono wangu mwenyewe, mwezi wa pili mwaka huu wa 2025: "Rangi ya maji ya kuosha vikombe. Ng'oa."

Na nilikuwa nimeking'oa kweli. Kilikuwa kimelala kwa karai na wenzake nikielekea kuwatupa kwa mboji, ni vile tu Shosho alikuwa amekuja kwetu wiki hiyo na yeye hawezi ona kitu cha kuliwa kikitupwa akanyamaza. Alikiokota, akakifunga na gazeti, akaenda nacho Molo akakipanda kando ya kabeji ndio awe anakata majani ya kuweka kwa mayai.

Hiyo picha imenisumbua wiki saba sasa.

## Kwa nini chaivu

Wengi mnaonisoma mnajua mimi na maua ya jamii ya vitunguu, zile aliamu, kwa hivyo sirudii hadithi yote. Lakini kuna swali naulizwa kila mara, mbona nisilime zile kubwa, ile mipira ya zambarau inayosimama juu ya bua la mita moja, 'Purple Sensation' na Allium giganteum, ama ile ndogo ya samawati safi, Allium caeruleum.

Jibu ni baridi. Hizo kwao ni Iran na milima na nyanda za Asia ya Kati, mahali tunguu hulala chini ya udongo uliokufa ganzi wiki nyingi ndio liamke na ua. Sisi hapa Nakuru usiku wa mwezi wa saba ukishuka nyuzi 9 ama 10 tunatoa majaketi yote kwa kabati, na kwa hilo tunguu hiyo bado si baridi ya kulitosha. Litatoa majani, litanenepa kidogo, alafu litakaa hivyo. Kuna watu huweka matunguu kwa friji wiki kadhaa kwanza na hiyo njia inafanya kazi, lakini mimi nataka mmea wa kuzaa na kuchagua, na hizo kubwa ukizipanda na mbegu unangoja miaka mitatu hadi mitano ndio uone ua la kwanza, na kila mwaka kati ya hiyo unataka friji.

Alafu kuna mambo ya kuletewa. Mtu wangu wa karibu alitaka kuniletea matunguu ndani ya sanduku la nguo akitoka Uholanzi, nikakataa, na tulikosana kidogo. Kuna ugonjwa wa kuoza mweupe wa vitunguu, vile vichembe vyake vyeusi vinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 20 vikingoja tu mzizi wa kitunguu upite karibu, na mimi naishi katikati ya watu wanaosomesha watoto na vitunguu. Kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mmea kutoka kule inakotoka ni kazi lakini vinapatikana. Bila hivyo, hapana, hata kama ni tunguu moja.

Chaivu ni tofauti. Allium schoenoprasum, vile vitunguu vyembamba kama nyasi, havidai baridi kali hivyo, mbegu zinapatikana bila shida, na ukipanda leo unaweza kuona ua mwaka unaofuata. Wanaolima za kuuza nje huko Naivasha ua kwao ni hasara, manake bua lake ni gumu na likiingia kwa majani mzigo unaharibika. Hapo ndio nilipata wazo. Mbegu za chaivu zimechaguliwa miaka na miaka kwa sababu ya majani, rangi ya ua haikuwa shida ya waliozichagua, kwa hivyo ndani ya paketi moja ya kawaida rangi zimejificha na hakuna amezichuja bado. Samawati haimo, na njano haimo, na huwezi kuchagua kitu ambacho hakimo. Lakini kutoka nyeupe, kupitia waridi, hadi zambarau iliyokolea, njia yote imo.

Nikataka kuitembea hiyo njia mpaka mwisho wake wa giza.

## Daftari

Nilipanda masika ya 2023, mwezi wa tatu, kwa trei za mayai kwanza alafu nikahamishia kwa kitalu nyuma ya nyumba. Iliyofika kuchanua ni miche 64. Nikaipatia namba, nikachora mstari kwa mstari, nikakata mitungi ya plastiki ya maziwa kufanya lebo manake zile za karatasi jua la Nakuru linazimaliza kwa wiki mbili.

Chaivu hapa kwetu haina msimu kamili. Zingine zinachanua mwezi wa saba na wa nane, zingine zinatoa vichwa vichache mwaka ukiisha, zingine zinakaa kimya tu. Mwezi wa pili mwaka huu nyingi zilikuwa na angalau kichwa kimoja, na Jumamosi moja, saa nane mchana, nikachukua daftari nikaketi kwa stuli na kuanza kuhukumu.

Natumia hilo neno makusudi.

Kuchagua ukikuskia kwa mbali unadhani ni kazi ya kuokota kizuri. Ukiketi nayo unajua ni kazi ya kung'oa. Shamba langu ni upana wa godoro mbili, mwenye ploti ameshasema mara mbili anataka kuweka tanki ingine hapo, na kila mmea mbaya unaobaki unaleta chavua yake kwa ule mzuri. Nyuki hawasomi daftari. Ukitaka kizazi kinachofuata kiwe na rangi ya kuiva lazima zile hafifu zitoke kabla hazijachanganyika na wengine, na hiyo kila mtu aliyewahi kuchagua mbegu anakuambia, hata mkulima wa mahindi anayeweka zile guguta nono juu ya jikoni.

Kwa hivyo nikang'oa. 38 kati ya 64, mchana mmoja.

Nikaingia kwa nyumba nikiwa nimechoka na nikiwa na furaha, hiyo siwezi kuficha. Niliona nimefanya kazi ya kweli.

## Kitu Shosho alikuwa anajua

Shosho amechuna pareto karibu nusu ya maisha yake. Wale wa Molo, Elburgon, Mau Narok mnajua hiyo kazi, kikapu kiunoni, maua meupe mpaka mwisho wa macho, vidole vinabaki na harufu hata ukila. Nikiwa mdogo niliwahi kumuuliza mbona sisi huku chini Nakuru hatulimi pareto na pesa iko. Akaniambia pareto ya huko kwenu ni majani.

Na ni kweli. Pareto haifungi maua vizuri bila baridi, inataka siku kadhaa za ubaridi ndio mmea uamue kutoa vichwa, ndio maana ilipanda juu milimani ikakaa huko. Sasa hiyo nimeijua tangu nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nayo kichwani miaka yote. Nilijua baridi inaamua kama ua litakuja au halitakuja, na sikuwahi kujiuliza kama pia inaamua litakuja na rangi gani.

Rangi ya ua la chaivu inatokana na anthosayanini. Ni jamii ile ile iko kwa kitunguu chekundu, kwa kabeji ya zambarau, na kwa ile chai ya zambarau iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka wa 2011. (Shosho aliita lile ua "rangi ya bitiruti" na sikumsahihisha, lakini bitiruti rangi yake ni kitu kingine kabisa, inaitwa betalaini.) Anthosayanini inatengenezwa na mmea siku za mwisho mwisho kabla kiua hakijafunguka, na mmea ukiwa kwa ubaridi na mwanga mzuri unaitengeneza kwa wingi, ukiwa kwa joto unaitengeneza kidogo na hata ile imetengenezwa inaharibika haraka.

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari. Molo inakaribia 2,500. Hiyo tofauti peke yake ni kama nyuzi nne za joto.

Na mimi nilihukumu mwezi wa pili, saa nane mchana.

## Ramani

Baada ya ile picha sikulala vizuri siku mbili tatu. Ya nne nikatoa daftari, nikachukua karatasi kubwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana, nikachora kitalu vile kilikuwa kabla ya kung'oa. Kila namba mahali pake. Alafu nikapaka msalaba mwekundu kwa kila iliyong'olewa.

Sikutarajia kuona kitu. Nilikuwa tu nataka mikono ifanye kazi.

Misalaba ilijipanga.

Mstari wa namba 20 hadi 34 ni ule uko kando ya ukuta wa mabati, ule unaoangalia magharibi. Mchana huo ukuta huwezi weka mkono, na jioni bado unarudisha joto kama jiko lililozimwa sasa hivi. Kwa hiyo mimea 15, nilikuwa nimeng'oa 13. Zilizobaki ni namba 26, ambayo ni nyeupe, na namba 31, ambayo ndiyo ile nyeusi yangu mnayoijua, yaani zambarau iliyokolea mpaka inakaribia nyeusi, ile nimewahi kuwaonyesha. Kwa mistari ingine yote, mimea 49, nilikuwa nimeng'oa 25, yaani nusu hivi.

Nilikaa na hiyo karatasi mpaka chai ikapoa. Nusu kule, karibu yote hapa. Hakuna paketi ya mbegu inajua ukuta wa mabati uko wapi. Mbegu nilizimwaga ovyo, miche niliihamisha vile ilinijia mkononi, kwa hivyo ule mstari haukuwa na mimea mibaya zaidi ya mistari ingine.

Ulikuwa na ukuta.

## Safari ya ndoo

Sasa ukiwa na shaka kama hiyo unaweza kuibeba tu moyoni miezi, ama unaweza kupanda gari. Jumamosi iliyofuata nikaenda Molo, kupitia Njoro na Elburgon, nikiwa na ndoo mbili tupu na kisu cha jikoni, na ndani ya mfuko mwingine nusu ya shina la namba 31 likiwa na vichwa viwili bado vimefunga ndani ya ile ngozi yake nyembamba.

Shosho alinipokea kwa lango. Hakusema kitu kuhusu ua. Alinipa chai kwanza, viazi, akauliza habari za kazi, na mpaka nikamaliza kikombe ndio akasema, "Haya, twende."

Ilikuwa nzuri kuliko picha. Vichwa sita, vitatu wazi, vitatu bado.

Chaivu ina hii baraka kubwa, kwamba shina moja ni mimea mingi imekaa pamoja, unaligawa na kisu na kila kipande ni mmea ule ule, damu moja kabisa. Kwa hivyo unaweza kuweka mmea mmoja mahali patatu kwa wakati mmoja. Nikagawa 23 vipande vitatu, kila kimoja na kichwa ambacho hakijafunguka. Kipande cha kwanza nikakirudisha pale pale kando ya kabeji, manake nilitaka nacho kipitie ule uchungu wa kukatwa na kung'olewa, nisije nikasema baadaye rangi imeisha kwa sababu ya kisu. Vingine viwili nikaviweka kwa ndoo na udongo wa pale pale Molo, ndoo zijae.

Shosho akauliza kwa nini nabeba udongo kama Nakuru haina udongo. Nikamwambia sitaki kubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Akatikisa kichwa pole pole, akasema hata pareto walikuwa wanaambiwa hivyo wakiletewa mbolea mpya, shika mstari mmoja uache mwingine.

Ile nusu ya 31 nikaiacha kwake.

Nyumbani ndoo moja ikaenda kwa ukuta wa mabati, pale pale 23 ilikuwa. Ya pili nikaiweka nyuma ya tanki la maji, mahali kuna mwanga asubuhi na ubaridi mchana. Zote nikazinyunyizia maji ya mvua, kikombe kimoja kimoja.

Alafu nikangoja. Siku kumi na sita.

Kuna kitu nilijifunza kwa hizo siku kuhusu kuangalia, na naomba mtu yeyote anayechagua maua ya aina yoyote akichukue. Viua vya kichwa kimoja havifunguki siku moja. Kiua cha siku ya kwanza kimeiva, cha siku ya tano kimeanza kukauka kama karatasi na rangi imepauka. Mtu akilinganisha kichwa kipya na kichwa kilichozeeka analinganisha umri. Kwa hivyo nilikuwa napiga picha saa moja na nusu asubuhi, kwa kivuli, kiua cha siku ya kwanza pekee, na karatasi nyeupe ile ile imeshikiliwa nyuma. Kasini akafanya hivyo hivyo Molo. Nilimsumbua sana huyo kijana na hakuwahi kukasirika.

Ile ya Molo ikafunguka damu ya mzee.

Ya mabati ikafunguka maji ya vikombe. Kabisa. Rangi ile ile niliyoandika.

Ya nyuma ya tanki ilikuja katikati, zambarau ya kawaida, ya kupendeza, ile ambayo mwezi wa pili ningeandika "bakisha" bila kufikiri mara mbili. Na kati ya hiyo na ile ya mabati kulikuwa na hatua tisa. Nimezipima na miguu yangu.

## Lakini 31

Hapa ningetaka kusimama, niseme nilikosea, basi. Ingekuwa rahisi.

Lakini 31 nayo ilikuwa kwa mstari ule ule wa mabati, na haikupauka. Na nusu yake huko Molo ilifunguka nyeusi vile vile, labda ilikolea kidogo tu. Inamaanisha kuna mmea ambao rangi yake haitegemei hali ya hewa sana, na huo mmea niliupata kwa sababu ya ule ukuta mbaya. Kama ningepanda kila kitu nyuma ya tanki, 31 ingekuwa nzuri kati ya nzuri zingine nyingi na labda nisingeitambua.

Kwa hivyo ukuta ulifanya kazi. Ni mimi sikujua ni kazi gani ulikuwa unafanya.

Hii ndio sehemu imenigeuza usiku. Mtu anayetaka ua la kupanda Nakuru, Naivasha, hata chini zaidi Kisumu kwa bahati, anataka 31, na njia ya kumpata huyo ni kuwatesa wote na joto uone nani anasimama. Mtu wa Molo, wa Kuresoi, wa Timboroa hana haja na huo mtihani. Kwake 23 ni malkia, na mimi kwa kuketi Kiamunyi nilikuwa nimemnyima. Nilikuwa naandika "ng'oa" kana kwamba ni sifa ya mmea, na ukweli ni kwamba nilikuwa naandika habari za mmea mahali fulani, mwezi fulani, saa nane.

Nilimpigia Shosho nikamweleza yote haya, kwa urefu, mpaka kredo ikakaribia kuisha. Akasikiza. Alafu akauliza swali moja.

"Sasa ulikuwa unamchagulia nani?"

Sikuwa na jibu siku hiyo, na nimelitafuta. Ukweli ni kwamba nilikuwa najichagulia mimi, picha ya zambarau iliyokolea niliyokuwa nayo kichwani kutoka kwa maua ya nchi za watu, yaliyopigwa picha kwa baridi ya watu.

## Nyeupe nayo

Wakati huo wote kuna jambo la pili lilikuwa linaendelea kwa kona, na nusura nilimalize kwa makosa yale yale.

Kutoka kwa ile nyeupe, namba 26, nilikuwa nimechuna mbegu mwaka jana. Mbegu za vitunguu hazingoji mtu, ukiziacha kwa droo mwaka mmoja ama miwili nguvu imekwisha, kwa hivyo nilizipanda mapema. Miche 19 imechanua mwaka huu.

Hakuna nyeupe hata moja.

Zote zambarau hafifu, waridi chafu, rangi za katikati. Nilikuwa nimeshashika jembe dogo. Niliona mbegu imeniangusha, na karai lilikuwa hapo karibu. Kilichonizuia ni ile karatasi ya misalaba bado iko ukutani jikoni, nikaiona kupitia dirisha nikaweka jembe chini.

Na hii tulifanya Form Four, wote. Ndani ya kiua cha chaivu chavua hutoka kabla sehemu ya kike haijakomaa, kwa hivyo kiua hakijizalishi chenyewe vizuri, kinangoja chavua ya kiua kingine, na nyuki anaileta kutoka popote alipotoka. 26 ilikuwa imezungukwa na zambarau. Watoto wake baba zao ni zambarau. Nyeupe mara nyingi ndiyo inayojificha, inakaa ndani ya mtoto wa rangi bila kuonekana, na njia ya kuitoa ni kuwaozesha hao watoto wao kwa wao. Mendel na njegere zake, 1866, maua 705 ya rangi na 224 meupe katika kile kizazi cha pili. Karibu moja kwa nne.

Hao 19 nilitaka kuwatupa ndio walikuwa wamebeba nyeupe yote.

Sasa vichwa vyao nimevifunga wawili wawili ndani ya soksi za nailoni, zile za kina mama za kuvaa ofisini, zimekatwa vipande, na kila asubuhi nafungua napitisha brashi ya kupaka rangi ya mtoto kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Wazalishaji wakubwa wa mbegu za vitunguu huwa wanafungia nzi ndani ya neti wafanye hiyo kazi, lakini mimi na nzi ndani ya ploti ya watu wanane hatutaelewana na majirani. Brashi inatosha. Inachukua dakika ishirini, na ni dakika ninazozipenda sana, kabla kelele za barabara hazijaanza na Menengai iko na ukungu kichwani.

## Vile nafanya sasa

Sing'oi mmea mara ya kwanza umechanua. Unapata mara tatu, na moja yake lazima iwe miezi ya baridi. Kila shina likitosha kugawanywa, nusu inapanda Molo. Shosho amenipa kipande kando ya choo cha zamani, udongo mweusi wenye rutuba, na sharti lake ni moja tu, kwamba majani ni yake.

Daftari imebadilika pia. Zamani ilikuwa na safu mbili, namba na rangi. Sasa ina mahali, mwezi, saa, na siku ya kiua, na rangi inaandikwa mwisho kabisa. Inaniudhi saa zingine, ni kazi nyingi kwa ua dogo hivyo, lakini nikijaribu kuruka safu moja naskia ile sauti ya sekunde kumi na mbili.

Na shida ya nafasi haijaisha. Mwenye ploti bado anataka tanki. Kuna siku itabidi nichague kweli, kwa haraka, na jembe mkononi.

## Lile karai

Bado nilikuwa nahesabu. 38 zilizong'olewa, moja akaokota Shosho, zikabaki 37. Kila nikipita kwa mboji nilikuwa nageuza macho.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nikaenda na uma kugeuza mboji manake ilikuwa imeanza kunuka. Upande wa chini, ule umeelekea uzio wa jirani, chini ya maganda ya viazi na majani ya migomba, niliona kijani. Nikadhani ni nyasi. Nikavuta moja, ikakatika, nikainusa.

Kitunguu.

Nikaweka uma chini nikapiga magoti nikachimba na mikono. Mashina sita. Yamelala ubavu, mengine juu chini, majani yamejikunja yakitafuta mahali pa kutokea, mizizi myeupe imeshaingia ndani ya mboji kabisa. Miezi yote hiyo hakuna aliyewanyunyizia maji.

Lebo hazikuwepo. Nilizitoa siku ile ile, nikaziosha, nikazitumia kwa miche mingine. Sina njia ya kujua nani alikuwa 12 na nani alikuwa 34, ni wa mstari wa ukuta ama wa katikati, niliwaandika nini.

Nilikata majani yaliyooza nikawapanda nyuma ya tanki, mstari mmoja, nafasi ya shibiri moja moja. Tatu nimegawa tayari kwa ndoo, zinaenda Molo Jumamosi. Shosho ameniambia nije na gunia pia, viazi viko tayari.